Harufu Haiui Vijidudu

Mtu apitaye Mlandege asubuhi, wakati milango ya maduka inapoanza kufunguliwa, hupokewa na harufu kabla hajapokewa na watu. Vijana hufagia baraza, kisha humwaga maji yenye dawa. Povu huteremka ngazi mpaka mtaroni, na kwa muda wa robo saa mtaa mzima hunukia ndimu au waridi. Ni desturi njema, wala hatukukusudia kuibeza. Usafi wa mbele ya duka ni heshima ya mwenye duka na ya mnunuzi pia.

Tulichokusudia ni kuuliza kilichomo ndani ya ndoo. Hivi karibuni tulisimama mbele ya meza moja ya muuza dawa za kusafishia. Chupa zilipangwa kwa rangi: kijani, buluu, waridi na nyeupe, nyingi zikiwa ni chupa za maji ya kunywa zilizotiwa dawa baada ya maji kwisha. Hazikuwa na karatasi ya maelezo. Tulimwuliza muuzaji mambo matatu: dawa imetengenezwa na nani, imetengenezwa lini, na ina nguvu kiasi gani. Kijana yule, ambaye alikuwa na adabu zake kamili, alifungua kizibo akatusogezea chupa. “Hii kali, mzee. Nusa mwenyewe.” Tukanusa. Ilikuwa kali kweli, na machozi hayakuwa mbali.

Jibu la kijana yule ndilo jibu la wengi wetu. Tunanunua dawa kwa pua. Na kosa hili lina umri mkubwa, tena lilifanywa na watu wenye elimu kuliko sisi. Kipindupindu kilipoingia Unguja mwaka 1869, Dkt. James Christie, aliyekuwa akifanya kazi ya udaktari hapa mjini, alifuatilia njia yake kutoka bara kupitia misafara mpaka Pangani na kuvuka bahari kufika kwetu. Alipochapisha kitabu chake London mwaka 1876, bado wataalamu wengi wa Ulaya walikuwa wakiamini kwamba maradhi hubebwa na hewa inayonuka. Kijidudu chenyewe cha kipindupindu hakikutambulishwa na Robert Koch mpaka miaka ya 1883 na 1884, huko Misri na India. Kabla ya hapo, mwaka 1847, daktari Semmelweis wa Vienna aliwaamuru wanafunzi wake waoshe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwahudumia wazazi, na vifo vya akina mama vikapungua ghafla. Aliichagua klorini kwa sababu iliondoa uvundo wa maiti mikononi. Alibahatika: dawa aliyoichagua kwa pua ilikuwa pia muuaji wa vijidudu. Sisi hatuwezi kuendelea kutegemea bahati ya Semmelweis, maana watengenezaji wa siku hizi wanajua kutia harufu pasipo kutia dawa.

Wananchi wa Visiwani hawahitaji kukumbushwa gharama ya kosa. Tangu kipindupindu kiliporipotiwa hapa mwaka 1978, katika wimbi la maradhi hayo lililoienea dunia, kimekuwa kikirejea mara kwa mara, na hasa nyakati za mvua. Mlipuko ulioanza Septemba 2015 na kuendelea mwaka 2016 uliwapata watu zaidi ya 4,000, na zaidi ya 60 wakafariki dunia. Skuli zilifungwa kwa muda, na uuzaji wa vyakula na vinywaji sehemu za wazi ukapigwa marufuku. Baadaye Serikali ikaweka mpango wa miaka kumi, 2018 hadi 2027, wa kukitokomeza kabisa kipindupindu Zanzibar. Maji salama na vyoo ndiyo nguzo za kazi hiyo, na hatutaki msomaji adhani kuwa chupa ya dawa inaweza kushika nafasi ya bomba la maji. Lakini mgonjwa anapotapika katika chumba cha familia ya watu wanane, bomba litakalokuja mwakani halimsaidii mama mwenye nyumba usiku ule. Kinachomsaidia ni kujua achukue chupa ipi, na kwa kipimo gani.

Basi na tuiseme dawa yenyewe. Klorini ndiyo iliyo rahisi kupatikana na ndiyo inayoua aina nyingi zaidi, bakteria na virusi pia. Huja kwa sura mbili: maji ya kuondolea madoa ya nguo, na unga mweupe unaotumiwa na wahudumu wa afya na watu wa maji. Chupa nyingi za maji ya madoa zinazouzwa Afrika Mashariki na viwanda vinavyojulikana huandikwa kuwa na asilimia 3.5. Unga huwa na kiasi cha asilimia 65 hadi 70. Tarakimu hizi ndizo kila kitu. Kwa sakafu, choo na vyombo vya nyumba yenye mgonjwa wa kipindupindu, inatakiwa klorini ya asilimia 0.2, yaani kipimo kimoja cha maji ya madoa ya asilimia 3.5 kwa vipimo kumi na sita vya maji, au vijiko viwili vya chakula vya unga, vya kusawazisha, kwa lita kumi. Kwa damu, na kwa maradhi makali kama Marburg, ambayo yalizuka Kagera mwaka 2023 na tena mwaka 2025, hutakiwa asilimia 0.5: kipimo kimoja kwa vipimo sita. Kwa mikono ya wahudumu ni asilimia 0.05 tu. Matapishi na kinyesi chenyewe huhitaji asilimia 2, na hapo maji ya madoa hayafai tena kwa udhaifu wake. Ni kazi ya unga na ya mhudumu aliyefundishwa.

Sasa tuirejee chupa ya mezani, ile isiyo na karatasi. Tuseme ina asilimia 1 ya klorini. Mama amesikia redioni kwamba damu husafishwa kwa kipimo kimoja kwa sita, naye anafuata kwa uaminifu. Alichonacho ndooni ni asilimia 0.14, chini ya theluthi ya nguvu inayotakiwa. Ametii kila neno, na bado amedanganyika. Na huenda chupa ile ilikuwa na asilimia 3 siku ilipojazwa, kwa sababu klorini ya maji hufa yenyewe: joto huiua, mwanga huiua, na chupa inayopitisha mwanga, iliyoanikwa juani mchana kutwa, inapoteza nguvu huku harufu ikibaki ya kutosha kumridhisha mnunuzi. Ndiyo maana pia dawa iliyokwisha kuchanganywa na maji haifai kulazwa. Ichanganywe kila siku.

Uchafu nao huila klorini. Mwenye kumwaga dawa juu ya sakafu yenye matope, au juu ya ubao wa samaki wenye magamba na damu, ameilisha dawa yake kwa uchafu, na vijidudu vilivyo chini yake vimesalimika. Kwanza sabuni na maji, kusugua, na kusuuza, kisha dawa, kisha subira. Subira hii ndiyo inayotushinda wengi. Tunamwaga na kufuta papo hapo, ilhali dawa inahitaji kubaki na unyevu juu ya kitu kwa muda, na kwa kazi nzito dakika kumi ni kipimo cha haki. Ubao wa jikoni ukishangoja, usuuzwe kwa maji safi kabla ya kuwekwa chakula.

Hapa tunalo onyo linalowahusu zaidi watu wa pwani kuliko wengine. Ni kawaida yetu kuondoa shombo la samaki kwa ndimu. Ndimu ni tindikali, na tindikali ikikutana na dawa ya klorini hutoa gesi ya sumu inayoumiza macho na mapafu. Ndivyo ilivyo kwa siki, na vibaya zaidi kwa asidi kali ya kusafishia choo. Ndimu ina siku yake na klorini ina siku yake, na kati yake yapite maji mengi. Unga wa klorini nao usiwekwe jirani na mafuta ya taa, kwani vikigusana huweza kuwaka moto.

Wako watakaosema: sisi hatutumii klorini, tunatumia dawa ile ya kahawia inayogeuka kuwa maziwa ikitiwa maji, ambayo hospitali zote zilinukia wakati wa utoto wetu. Dawa hiyo tunaiheshimu. Huua bakteria wengi na hufaa kwa kazi nyingi za nyumbani. Lakini virusi si namna moja. Viko vilivyovaa koti la mafuta, kama vile vya mafua, UKIMWI, korona na Marburg. Koti hilo likiyeyushwa, kirusi kimekwisha, na hata sabuni ya kawaida yaweza kulivunja. Viko vingine visivyo na koti, na hivi ni vigumu mno: virusi vya polio, vya homa ya ini aina ya A, na vya kuharisha kwa watoto wachanga. Mbele ya hivi, dawa ya kahawia ni dhaifu, na hata spiriti hailingani na klorini. Nyumba yenye mtoto anayeharisha, basi, isitosheke na harufu ya hospitali.

Spiriti tumeitaja, tuongeze neno moja tu. Watu hudhani iliyo kali zaidi ndiyo bora, kumbe spiriti ya asilimia 70 huua vyema kuliko ya asilimia 95, kwa kuwa maji yaliyomo ndani yake husaidia kuvuruga mwili wa kijidudu. Ni nzuri kwa simu, kitasa au kipima joto. Si ya kuoshea sakafu, na isikaribie moto.

Tunakumbuka pia mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia nchini mwezi Machi. Katika miji mingi duniani magari yalipita mitaani yakipuliza dawa hewani, barabarani na kwenye kuta, na watu wakapumua kwa matumaini. Mwezi Mei mwaka huo Shirika la Afya Duniani likaeleza wazi kwamba kupuliza dawa mitaani hakufai, kwa kuwa vumbi na uchafu huimaliza nguvu, na kwamba kumpulizia mtu dawa mwilini ni kumdhuru. Baadaye ikathibitika kuwa korona husafiri zaidi kwa pumzi kuliko kwa vitasa. Hatusemi haya ili kumcheka mtu. Kila nchi iliingiwa na hofu. Tunasema kwa sababu bomba la kupulizia huonekana na watu wote, na mkono wa mama unaosugua choo hauonwi na mtu, na fedha ya umma hupenda kwenda kwenye kile kinachoonekana.

Sasa tunazungumza na wenye mamlaka. Zanzibar haikukosa vyombo. Iko Taasisi ya Viwango, uko Wakala wa Chakula na Dawa, iko Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na yako mabaraza ya manispaa yenye maofisa wa afya wanaozijua njia zote za Darajani, Mlandege na Mwanakwerekwe. Tunaloliomba ni dogo. Kila chupa ya dawa ya kusafishia inayouzwa Unguja na Pemba, ya kiwandani au ya kujazwa nyuma ya duka, ibandikwe karatasi ya Kiswahili yenye jina la dawa, asilimia ya nguvu yake, tarehe ya kujazwa, na kipimo cha kuchanganyia. Wajazaji wadogo wasifukuzwe. Wengi wao ni vijana na akina mama wanaotafuta riziki ya halali, na bei yao ndiyo inayomwezesha maskini kununua. Waitwe, wafundishwe, wapewe chupa zisizopitisha mwanga kwa bei nafuu, na dawa yao ichukuliwe mara kwa mara kupimwa maabara.

Wala asituambie mtu kwamba wananchi hawawezi kujifunza vipimo. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya huko Tanzania Bara, watu wa vijijini walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, kisha wakachimba vyoo kwa mikono yao. Mpishi wa Unguja anayejua pilau ya watu mia inataka mchele pishi ngapi hatashindwa na kipimo kimoja kwa kumi na sita. Masheha wanaweza kuisimamia kazi hii katika shehia zao, mradi wapewe karatasi yenyewe na mtu wa kuieleza.

Na liko jambo lisiloweza kungoja kikao. Chupa ya soda au ya maji iliyotiwa dawa ya rangi ya waridi, ikawekwa chini ya meza ya jikoni, kwa macho ya mtoto wa miaka mitatu ni sharubati. Mpaka karatasi hizo zitakapopatikana, kila mwenye chupa ya namna hiyo nyumbani aiandike leo kwa mkono neno SUMU, kwa herufi kubwa, na aipandishe juu ya kabati.