Mafungo ya padri wa Garissa: nani alipe, na yatuhusu nini Waislamu?

Kila kumi la mwisho la Ramadhani misikiti yetu ya Pwani hupokea watu wa itikafu. Mtu huaga nyumbani, hufunga duka, akaingia msikitini na msahafu wake asitoke ila kwa haja. Twamsifu kwa ibada yake, lakini mara chache twauliza: nani anamletea futari na daku? Nani anawaangalia watoto wake? Jibu twalijua. Ni jamaa, majirani na wahisani wa msikiti. Bila hao, itikafu ingebaki kuwa ya wenye nafasi peke yao.

Swali la leo ni hilo hilo, ila liko kwa jirani zetu. Wakristo nao wana ada ya kujitenga. Wakatoliki huiita mafungo: siku kadhaa za kimya, sala na kujihesabu nafsi. Kwa baadhi ya Waprotestanti kuna pia likizo ya sabato, ambayo huweza kufika miezi kadhaa, ili mchungaji asome, atafakari na arudi akiwa mtu mzima. Hii si likizo ya kwenda kuogelea Diani. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 imeyatenganisha mambo haya wazi: kanuni ya 276 inawataka makasisi washike mafungo, na kanuni ya 533 inampa paroko likizo isiyozidi mwezi mmoja kwa mwaka, kisha ikasema siku za mafungo hazihesabiwi ndani ya mwezi huo.

Kuandikwa ni kitu kimoja. Kulipiwa ni kitu kingine.

Tuchukue Garissa. Jimbo Katoliki la Garissa lilianzishwa mwaka 1984 na liko chini ya Jimbo Kuu la Mombasa, kwa hivyo habari zake ni habari zetu pia. Limeanzia Tana River likapanda hadi Wajir na Mandera. Nchi ni pana, waumini ni wachache na wametawanyika. Wengi wao ni walimu, wauguzi, askari na wafanyabiashara waliotoka mikoa mingine, leo wapo kesho wamehamishwa. Kwa makanisa mengine hali ni hiyo hiyo: AIC, Waanglikana, na yale makanisa madogo ya Kipentekoste ambayo mchungaji wake hana askofu wa kumtetea wala mshahara wa kutegemea.

Sasa ongeza yaliyopita. Jumapili ya tarehe 1 Julai 2012, kanisa la AIC mjini Garissa na kanisa kuu la Katoliki yalishambuliwa waumini wakiwa ibadani, na watu wasiopungua 15 wakauawa. Tarehe 2 Aprili 2015, magaidi waliingia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi Kuu. Siku tatu baadaye ilikuwa Pasaka, na kila kasisi na mchungaji wa mji ule alitakiwa asimame mbele ya watu waliovunjika moyo aseme neno. Baada ya neno kukawa na maziko, simu za wazazi, na waumini wanaouliza kama wabaki au wahame. Walimu wengi wasio wenyeji walipoondoka eneo lile, makanisa yalipoteza waumini na sadaka pamoja.

Hapo ndipo penye fundo. Kadiri kazi inavyomlemea kiongozi, ndivyo pesa za kumpumzisha zinavyopungua. Anayehitaji mafungo zaidi ndiye asiyeweza kuyalipia.

Gharama zenyewe si siri. Kuna nauli na malazi. Kuna mtu wa kushika nafasi yake, na hiki ndicho kigumu zaidi: padri wa Wajir akiondoka wiki mbili, jirani yake wa karibu hayuko mwendo wa bodaboda. Na kwa mchungaji mwenye mke na watoto, kuna matumizi ya nyumbani, maana mchungaji wa kanisa dogo asipofanya kazi wiki hii, wiki hii hakuna unga.

Wafadhili je? Pesa za semina hupatikana. Viongozi wa dini huitwa hotelini siku mbili, kuna chai, kuna posho, kuna ripoti na picha ya pamoja. Kimya hakina picha. Huwezi kumwandikia mfadhili kwamba umechimba visima vitatu vya utulivu. Ndiyo maana jambo hili huachwa nje ya bajeti, likaonekana ni anasa.

Lakini wapo waliolitafutia njia, na wa kwanza wana uhusiano na Garissa yenyewe. Maaskofu wote wa jimbo lile, Paul Darmanin aliyeliongoza tangu 1984 hadi 2015, Joseph Alessandro aliyemfuata, na George Muthaka aliyeshika tangu 2022, ni Wakapuchini. Wakapuchini ni tawi la wafuasi wa Fransisko wa Asizi, yule aliyekwenda Misri mwaka 1219 wakati wa Vita vya Msalaba akakutana na Sultani al-Kamil, akapokewa na kurudi salama. Fransisko aliwaachia ndugu zake utaratibu mfupi wa kujitenga. Waende watatu, au wanne kwa wingi. Wawili wawe "mama", na waliobaki wawe "wana". Mama wanashughulikia mahitaji na kuwazuia watu wasiwasumbue wana. Wana wanasali. Baada ya muda wanabadilishana: aliyehudumiwa naye ahudumie.

Tazama hekima yake. Hakuanza kwa kuuliza pesa. Aliuliza nani atabeba kazi ya mwenzake, na akahakikisha hakuna wa kuibeba daima.

Mfano wa pili unatoka Marekani. Shirika la Lilly Endowment, lililoanzishwa Indianapolis mwaka 1937 na familia yenye kampuni ya dawa, linafanana sana na wakfu wetu: mali ya asili inabaki, matunda yake yanatumika kwa kheri. Kwa zaidi ya miaka 20 limetoa ruzuku kwa makanisa ya nchi ile ili wachungaji wapate miezi ya kutafakari. Kwa miaka mingi kiwango cha juu kilikuwa dola 50,000 kwa kanisa moja, na kati ya hizo hadi dola 15,000 ziliweza kutumika kwa mahitaji ya kanisa lenyewe wakati mchungaji hayupo, ikiwamo kumlipa anayeshika nafasi yake. Anayeomba ni kanisa, si mchungaji kwa mkono wake. Hivyo waumini wanajua kiongozi wao ameenda wapi na kwa nini.

Ruzuku ile haifiki Garissa, wala Garissa haihitaji dola 50,000. Inahitaji kanuni zake mbili: pesa zipitie mikononi mwa jamaa ya waumini, na pengo lizibwe kabla mtu hajaondoka.

Utaniuliza, wewe Muislamu wa Pwani yakuhusu nini? Yanihusu sana. Baada ya mashambulizi ya 2012, viongozi wa Kiislamu walikubaliana vijana wetu washiriki kuyalinda makanisa. Makubaliano kama hayo yanahitaji mtu wa upande wa pili mwenye kifua kipana, anayeweza kusimama mimbarini siku ya msiba akatenganisha muuaji na jirani. Kiongozi aliyechoka, asiyelala, aliyezika mno bila kulia, siku moja ulimi utamteleza. Na neno moja la mimbari likitoka vibaya Garissa, mwenye duka wa Kisomali Eastleigh na kijana wa kanzu Mombasa watalilipia.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Twauona mwepesi kwa kuwa hauko kichwani petu.

Yapo yanayoweza kufanyika bila kungoja mfadhili. Majimbo ya Mombasa na Malindi yanaweza kutoa kasisi mmoja mmoja wa kushika zamu kaskazini, na yule wa kaskazini akashuka Pwani kupumua. Makanisa madogo ya mji mmoja yanaweza kufanya kama wale mama na wana: wachungaji wanne, kila robo ya mwaka mmoja anaondoka na watatu wanabeba ibada zake, na kila kanisa linatia kidogo kwenye mfuko kwa ajili ya nyumba yake. Na mashirika yanayogharamia semina za amani yaweke fungu dogo kwa ajili ya siku za kimya, bila kudai picha.

Nasi tusijisahau. Imamu wa Garissa aliyeswalisha jeneza moja baada ya jingine, na mwalimu wa madrasa anayefundisha mwaka mzima kwa ujira usiotosha sabuni, hao nani amewawekea fungu? Mtume wetu (SAW) alikuwa akijitenga pangoni Hira kabla ya wahyi, na Bibi Khadija ndiye aliyekuwa akimwandalia masurufu. Tuna wakfu wa misikiti, wa visima na wa makaburi. Wakfu wa kumpa imamu mwezi mmoja wa kusoma na kutulia, huku mwengine akilipwa kuswalisha badala yake, hauna kizuizi chochote ila sisi kutoufikiria.

Chombo hakikalafatiwi kikiwa katikati ya bahari. Hupandishwa pwani, kikaegemezwa, mafundi wakakitia pamba na deheni. Nahodha anayeona siku hizo ni hasara, atakuja kuyateka maji mbele ya safari.