Mshahara na Mavuno

Tangu mwaka 2001 mtumishi wa serikali amekatwa mshahara kila mwezi kwa Bima ya Afya, na mwajiri akachangia naye. Wenye mishahara wengi wako mijini. Je, mkulima wa Ngara au Biharamulo akatwe wapi? Fedha huiona akiuza kahawa au maharage, lakini homa haingoji mavuno. Akiugua masika, huuza mbuzi. Mfuko wa Afya ya Jamii, uliojaribiwa Igunga mwaka 1996, ulikuwa wa hiari, wengi hawakujiunga. Sheria ya mwaka 2023 yataka kila mkazi awe na bima, na wasio na uwezo wasaidiwe. Vema. Basi mchango wa mkulima na upokewe msimu wa mavuno, fedha ikiwa mkononi.