Utunzaji wa jakuzi

Utunzaji wa jakuzi ni jumla ya kazi zinazofanywa ili maji ya jakuzi yabaki safi, mitambo yake iendelee kufanya kazi na watumiaji wake wasidhurike. Jakuzi ni beseni kubwa la maji ya moto ambamo mtu mmoja au zaidi huketi ili kupumzika au kupunguza maumivu ya misuli na viungo, huku pampu ikisukuma maji yaliyochanganyika na hewa kupitia matundu ya ukutani.

Maji ya beseni la kawaida la kuogea humwagwa kila baada ya kuoga. Maji ya jakuzi hayamwagwi hivyo, bali yaleyale huchujwa, hupashwa joto na kutiwa dawa kwa wiki nyingi. Kwa sababu hiyo usalama wake hautambuliki kwa macho. Maji yanayong'aa yanaweza kuwa na vijidudu vingi, na njia ya kujua kama dawa bado imo ni kuyapima.

Jakuzi ni tofauti na chemchemi za maji moto za asili, kama zile za kando ya Ziwa Bogoria nchini Kenya, ambako maji hupata joto lake chini ya ardhi.

Jina na historia

Neno "jakuzi" limetokana na jina la ukoo wa Jacuzzi, ndugu kutoka kaskazini mwa Italia waliohamia California nchini Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Kampuni yao ilianzishwa mwaka 1915. Kwanza ilitengeneza rafadha za ndege, baadaye pampu za visima. Mwaka 1956 ilitoa pampu ya kutumbukizwa ndani ya beseni la kuogea. Pampu hiyo ilibuniwa na Candido Jacuzzi kwa ajili ya mwanawe Kenneth, aliyekuwa na ugonjwa wa baridi yabisi tangu utotoni. Mwaka 1968 Roy Jacuzzi, wa kizazi cha tatu cha ukoo huo, alitengeneza beseni lenye pampu na matundu yaliyojengwa ndani yake.

Jina hilo bado ni alama ya biashara iliyosajiliwa, lakini katika mazungumzo ya kawaida watu huita "jakuzi" beseni lolote la aina hii, hata likiwa limetengenezwa na kampuni nyingine.

Sehemu zake

Jakuzi ya nyumbani ya watu 4 hadi 6 kwa kawaida huchukua lita 1,000 hadi 2,000. Maji huvutwa na pampu kupitia chujio, hupita kwenye hita, kisha hurudi katika beseni kupitia matundu. Kibao cha vidhibiti huonyesha joto na hutoa alama ya herufi au namba panapotokea hitilafu. Kifuniko kizito huzuia joto na mvuke kupotea, huzuia uchafu kuingia, na kikifungwa kwa kufuli huwazuia watoto wasiingie majini bila mtu mzima.

Sababu za maji kuchafuka upesi

Sababu ya kwanza ni uchache wa maji. Watu 4 wakikaa katika lita 1,500, kila mmoja ana lita 375 tu. Bwawa la kuogelea la mita 50 kwa 25 lenye kina cha mita 2 lina lita 2,500,000. Ili libebe msongamano uleule, lingepaswa kuwa na watu zaidi ya 6,600 kwa wakati mmoja. Jasho, mafuta ya mwili, losheni na sabuni iliyobaki kwenye nguo za kuogelea hutumia dawa iliyomo katika maji hayo machache.

Sababu ya pili ni joto. Klorini huisha haraka zaidi katika maji ya moto kuliko katika maji baridi. Wakati huohuo, joto hilo huvifaa vijidudu vingi.

Sababu ya tatu ni msukumo wa hewa. Mapovu huondoa gesi ya dioksidi kabonia iliyoyeyuka katika maji, na hivyo pH hupanda. Tena mapovu yanapopasuka hurusha hewani matone madogo sana ambayo mtu huyavuta kwa pumzi.

Magonjwa

Ugonjwa hatari zaidi unaohusishwa na jakuzi ni homa kali ya mapafu inayosababishwa na bakteria wa jenasi Legionella. Ugonjwa huu ulitambuliwa baada ya mlipuko wa mwaka 1976 mjini Philadelphia miongoni mwa waliohudhuria mkutano wa maveterani wa jeshi. Bakteria hao hustawi katika maji ya vuguvugu na hujificha katika utando laini unaojengeka ndani ya mabomba. Mtu huambukizwa kwa kuvuta matone ya maji, kwa hiyo hata aliye nje ya beseni anaweza kuugua.

Hilo lilionekana mwaka 1999 huko Bovenkarspel nchini Uholanzi. Katika maonyesho ya maua palikuwa na jakuzi iliyowashwa ili wanunuzi waione. Watu zaidi ya 180 waliugua na zaidi ya 20 walifariki, ingawa wengi wao walikuwa wageni waliopita tu katika ukumbi. Mwaka 2019 mlipuko mwingine ulihusishwa na jakuzi zilizowekwa katika maonyesho huko North Carolina, Marekani. Watu zaidi ya 130 waliugua na 4 walifariki.

Ugonjwa mwepesi zaidi na unaotokea mara nyingi ni upele wa vinyweleo unaoletwa na bakteria Pseudomonas aeruginosa. Vipele vyekundu vinavyowasha hutokea siku chache baada ya kuoga, hasa sehemu zilizofunikwa na nguo ya kuogelea. Kwa kawaida hupona vyenyewe. Lakini mtu anayepata homa, kikohozi na kupumua kwa shida katika wiki mbili baada ya kutumia jakuzi anapaswa kwenda hospitali na kumweleza daktari kwamba aliitumia, kwa kuwa Legionella huhitaji antibiotiki zinazolenga bakteria hao.

Vipimo vya maji

Maji hupimwa kwa karatasi za kupimia zinazobadilika rangi au kwa matone ya kemikali. Viwango vinavyotumika sana ni hivi:

- Klorini huru: angalau miligramu 3 kwa lita
- Bromini, ikitumika badala ya klorini: miligramu 4 hadi 8 kwa lita
- pH: 7.0 hadi 7.8
- Alkali ya jumla: miligramu 80 hadi 120 kwa lita
- Ugumu wa maji (kalsiamu): takriban miligramu 150 hadi 250 kwa lita
- Joto: lisizidi nyuzi 40 za sentigredi

Kwa kawaida alkali hurekebishwa kwanza, kisha pH, na dawa ya kuua vijidudu hufuata. Alkali ndiyo inayozuia pH isiyumbe. Nayo pH huamua nguvu ya klorini: kwenye pH ya 7.5 karibu nusu ya klorini huru iko katika umbo lenye nguvu ya kuua vijidudu, na pH ikifika 8 hubaki takriban robo tu. Mwenye jakuzi anaweza basi kuongeza klorini kila siku bila mafanikio ikiwa pH imeachwa juu.

Baadhi ya unga na vidonge vya klorini vina asidi ya sianuri, ambayo huikinga klorini na jua lakini hupunguza kasi yake ya kuua vijidudu. Asidi hiyo haiishi majini, bali hulimbikizana kila dawa inapoongezwa. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani (CDC) kinashauri isitumike katika jakuzi.

Ratiba ya kazi

Kabla ya kila matumizi: kupima dawa na pH, na watumiaji kuoga kwanza kwa maji na sabuni na kujisuuza vizuri.

Kila wiki: kusuuza chujio kwa maji ya mpira, kufuta mstari wa mafuta unaojengeka juu ya maji, na kutia kipimo kikubwa cha dawa ili kuunguza uchafu uliolimbikizana. Kifuniko huachwa wazi kwa muda pampu ikiwa imewashwa, ili mvuke wa dawa usiharibu kifuniko.

Kila mwezi: kuloweka chujio katika dawa yake ya kusafishia na kukagua kifuniko, nyaya na viungo vya mabomba.

Kila miezi 3 hadi 4: kupitisha dawa ya kuondoa utando katika mabomba, kumwaga maji yote, kusugua beseni na kujaza upya.

Jakuzi inayotumiwa na watu wengi huhitaji kubadilishwa maji mapema zaidi. Kanuni moja ya kukadiria ni kugawa idadi ya lita kwa 11, kisha kwa idadi ya watumiaji kwa siku. Mfano: jakuzi ya lita 1,320 inayotumiwa na watu 2 kila siku ibadilishwe maji baada ya siku 60 (1,320 ÷ 11 ÷ 2). Ikitumiwa na watu 4, ibadilishwe baada ya siku 30.

Hitilafu za kawaida

Maji yenye ukungu: mara nyingi dawa imepungua, chujio limeziba au pH imepanda. Watu wasiingie hadi maji yapimwe na kurekebishwa.

Povu jingi: hutokana na sabuni, losheni au mabaki ya sabuni katika nguo. Dawa ya kuondoa povu huficha tatizo kwa muda tu. Tiba yake ni kutia kipimo kikubwa cha dawa au kubadilisha maji.

Harufu kali ya klorini: wengi hudhani dawa imezidi. Kwa kawaida ni kinyume chake. Harufu hiyo hutoka kwa kloramini, yaani klorini iliyokwisha kuungana na jasho na mkojo, na maji yanahitaji dawa zaidi au kubadilishwa.

Hita kutowaka, au kibao kuonyesha alama ya mtiririko mdogo wa maji: chujio hutolewa na jakuzi kuwashwa kwa dakika chache. Alama ikitoweka, chujio ndilo lililoziba. Kina cha maji na valvu zilizofungwa hukaguliwa pia.

Pampu kuunguruma bila kutoa maji baada ya kujaza upya: hewa imenaswa katika bomba. Kujaza kwa kuingiza mpira wa maji kwenye tundu la chujio husaidia kuzuia hali hii.

Swichi ya usalama kukata umeme: isirudishwe mara kwa mara kwa nguvu. Huenda hita au pampu inavujisha umeme, na kazi hiyo ni ya fundi umeme aliyehitimu.

Msaada kwa wateja

Kampuni nyingi zinazouza jakuzi huwasaidia wateja kwa simu kabla ya kutuma fundi. Msaada huo huwa wa haraka mteja anapokuwa na aina na namba ya jakuzi, tarehe ya kununua, ujazo wa maji, tarehe ya mwisho ya kuyabadilisha, matokeo ya vipimo vya siku hiyo na alama iliyoonekana kwenye kibao. Picha ya kibao na ya karatasi ya kupimia husaidia pia.

Mara nyingi waranti haigharimii uharibifu unaotokana na maji yasiyotunzwa, kama vile hita iliyoliwa na asidi au kufunikwa na ukoga wa chokaa. Daftari la vipimo na risiti za dawa ni ushahidi wa mteja panapotokea ubishi.

Usalama

Joto la zaidi ya nyuzi 40 linaweza kusababisha kizunguzungu, kuzirai na kuzama. Pombe huongeza hatari hiyo. Wajawazito na wagonjwa wa moyo wapate ushauri wa daktari kwanza, na watoto wa chini ya miaka 5 wasiingie.

Tundu la kuvuta maji linaweza kunasa nywele au kiungo cha mwili. Mwaka 2002 mtoto wa miaka 7, Virginia Graeme Baker, alifariki Marekani baada ya kunaswa hivyo. Sheria yenye jina lake, iliyotiwa saini mwaka 2007, inadai vifuniko maalumu vya matundu hayo. Jakuzi yenye kifuniko cha tundu kilichovunjika au kinachokosekana isitumike kabisa.

Dawa zihifadhiwe pakavu, mbali na watoto. Dawa mbili zisichanganywe kamwe, hata zote zikiwa za klorini. Jiki ikikutana na asidi, kama ile ya kusafishia choo, hutoa gesi ya sumu. Dawa ya kuyeyushwa hutiwa ndani ya maji. Maji hayamiminwi juu ya dawa.

Katika Afrika Mashariki

Katika Afrika Mashariki jakuzi hupatikana zaidi katika hoteli, nyumba za wageni na vituo vya mazoezi, hasa Zanzibar, pwani ya Kenya na miji mikubwa. Maji ya visima katika miamba ya matumbawe ya pwani huwa na chokaa nyingi, ambayo huganda kwenye hita, na hewa ya chumvi huozesha sehemu za chuma.

Umeme unapokatika, maji husimama katika mabomba bila kuchujwa wala kupata dawa. Maji yakipoa taratibu hukaa kwa saa nyingi katika joto la vuguvugu linalowafaa Legionella. Umeme ukirudi, maji yazungushwe na kupimwa kabla ya mtu yeyote kuingia.

Kwa jakuzi za umma, CDC inapendekeza kupima klorini na pH angalau mara mbili kwa siku, na mara nyingi zaidi watumiaji wakiwa wengi. Mgeni wa hoteli anaweza kuomba kuonyeshwa daftari la vipimo vya siku hiyo, au kutumbukiza karatasi yake mwenyewe ya kupimia.