Kipuri Kisichopimwa: Ubora wa Spea za Injini Mjini Kampala

Injini ya gari ikishafunguliwa katika gereji ya Kampala, iwe ni Ndeeba, Katwe au pembezoni mwa soko la Kisekka, ni nadra kufungwa tena kwa vipuri vilivyotoka mahali pamoja, kwani pistoni huwa za kampuni moja, beringi za kampuni nyingine, gasketi ikawa haina jina linalosomeka, na pampu ya maji ikawa imefunguliwa kutoka kwenye injini iliyokwisha kutumika Japani. Mchanganyiko huo haupaswi kuhesabiwa kuwa uzembe wa mafundi, kwa sababu unatokana na soko lenyewe, ambalo linahudumia magari yaliyoagizwa yakiwa yameshatumika, hasa Toyota, nayo huendelea kutembea miaka mingi baada ya kiwanda kuacha kuyatengeneza. Mwaka 2018 Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya 1998 ilirekebishwa ili kuzuia kuingizwa nchini kwa magari yaliyofikisha umri wa miaka 15 tangu yalipotengenezwa, lakini marekebisho hayo hayakuyagusa yale yaliyokuwa tayari barabarani, na hayo ndiyo yenye njaa kubwa zaidi ya vipuri.

Soko la Kisekka, lililopewa jina la Samson Kisekka aliyekuwa waziri mkuu na baadaye makamu wa rais wa Uganda, liko jirani na Nakivubo, na kwa muda mrefu limekuwa mahali ambapo fundi anayetafuta kipuri chochote huanzia. Bidhaa zake nyingi hununuliwa Dubai au Guangzhou, hushushwa bandarini Mombasa na kuvuka mpaka kwa lori kupitia Malaba au Busia, ilhali injini nzima na vipuri vya mitumba hutoka Japani moja kwa moja au hupitia Sharjah, ambako kuna soko kubwa la magari yaliyovunjwa. Mnunuzi anayefika dukani kwa kawaida huuliza jambo moja tu, kama kipuri hicho ni orijino au ni feki, na muuzaji humjibu kwa neno moja. Swali hilo ni jembamba mno kwa soko pana namna hii, na hasara nyingi za wenye magari huanzia hapo.

Kampuni inayounda gari haitengenezi kila kipuri kilichomo ndani yake. Plagi za magari ya Toyota, kwa mfano, hutoka kwa Denso au NGK, pampu za maji nyingi kwa Aisin, na beringi nyingi za injini kwa Taiho, na kampuni hizo huuza bidhaa zao pia katika maboksi yenye majina yao wenyewe, kwa bei iliyo chini ya ile ya boksi lenye nembo ya gari. Nyuma yao ziko kampuni huru ambazo hazikuwahi kuwa na mkataba na muunda gari lakini hutengeneza kipuri cha vipimo vilevile na kukiuza kwa jina lao halali. Kipuri cha namna hiyo kinaweza kuwa kizuri sana au cha wastani, ila si cha udanganyifu. Feki ni kile kilichovishwa jina la mwingine, na kosa hilo linaangukia katika Sheria ya Alama za Biashara ya Uganda ya mwaka 2010. Kuviita vipuri vyote vya kampuni huru «vya China» ni dhuluma kwa upande mmoja na ni upofu kwa upande mwingine, kwa maana China ina viwanda vinavyouza vipuri kwa waunda magari wakubwa duniani, na kiwanda hutengeneza kwa kadiri ya agizo: aliyeagiza kwa bei ya chini kabisa hupelekewa chuma cha bei hiyo. Uamuzi wa ubora, basi, mara nyingi hufanyika siku mfanyabiashara anapokubaliana bei na kiwanda, muda mrefu kabla kontena halijaonekana Kampala.

Kinachotofautisha kipuri chema na kibaya ndani ya injini ni mambo mawili ambayo jicho haliyaoni, nayo ni madini kilichoundwa kwayo na usahihi wa vipimo vyake. Beringi za konrodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na kranki, zinaonyesha jambo hili vizuri kuliko kipuri kingine chochote. Hizi ni bamba mbili za nusu duara zinazokumbatia kranki, yaani mhimili unaogeuza mwendo wa pistoni wa kupanda na kushuka kuwa mzunguko, na kati yake na kranki hubakizwa nafasi ambayo katika injini nyingi ndogo ni kati ya milimita 0.02 na 0.06, ambayo ni unene wa unywele mmoja au pungufu ya hapo. Ndani ya nafasi hiyo hukaa utando wa oili unaosukumwa na pampu, na utando huo ndio unaobeba uzito wote, kiasi kwamba injini inapokwenda vizuri chuma na chuma havigusani kabisa. Beringi njema ina mgongo wa chuma, juu yake tabaka la mchanganyiko wa shaba au wa alumini, na mara nyingi ngozi laini kabisa inayoweza kumeza vijipande vya uchafu bila kuichubua kranki. Iliyotengenezwa kwa kubana gharama huweza kuwa na tabaka lisiloshikamana na mgongo wake, likabanduka baada ya miezi michache. Au unene wake ukazidi kwa sehemu ya mia ya milimita, oili ikakosa njia, na kranki ikaungua. Au ukapungua, shinikizo la oili likashuka na injini ikaanza kugonga. Kwa mtazamo wa juujuu beringi hizo tatu zinang'aa sawasawa.

Hali ni hiyohiyo kwa pistoni na ringi zinazoizunguka. Silinda iliyolika hupanuliwa kwa mashine na kuwekewa pistoni kubwa zaidi, ambazo huuzwa kwa hatua za milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00, lakini namba iliyoandikwa kwenye boksi ni ahadi tu mpaka pistoni yenyewe ipimwe. Pistoni huundwa kwa alumini iliyochanganywa na silikoni ili isitanuke kupita kiasi inapopata moto, na mchanganyiko huo ukipunjwa, pistoni iliyoingia vizuri injini ikiwa baridi huja ikakwama ndani ya silinda gari linapopanda mlima likiwa limejaa. Ndiyo maana mafundi waangalifu wa mashine hukataa kupanua silinda kabla pistoni zenyewe hazijaletwa mezani na kupimwa moja moja, kisha kila silinda hukatwa kwa kufuata pistoni yake. Utaratibu huo huchukua muda, na mwenye teksi ya abiria 14, zile ambazo Kampala huziita kamunye, hupoteza mapato kila siku gari linapolala gereji, kwa hiyo shinikizo la kuuruka ni kubwa na linaeleweka.

Filta ya oili ndicho kipuri kinachonunuliwa mara nyingi kuliko vyote, na ndicho kinachodharauliwa kuliko vyote. Ndani ya kopo lake mna karatasi iliyokunjwa mikunjo mingi, valvu inayozuia oili isirudi chini injini inapozimwa, na valvu nyingine inayofunguka karatasi ikiziba ili injini isikose oili. Anayetaka kupunguza gharama hupunguza mikunjo, hutumia gundi inayoachia kwa joto, na huweka springi dhaifu inayoruhusu oili chafu ipite bila kuchujwa tangu siku ya kwanza. Katika mji wenye barabara nyingi za vumbi jekundu, na ambako foleni huifanya injini ingurume kwa saa nyingi bila gari kwenda mbali, filta ya namna hiyo huila taratibu kazi yote ghali iliyofanywa kwenye beringi na ringi, na hakuna atakayeihusisha na uharibifu utakaoonekana mwaka unaofuata.

Vipuri vibovu vimeharibu hata mazoea ya ufundi, na jambo hili linastahili kuangaliwa kwa uchungu zaidi kuliko bei. Themostati ni valvu ndogo inayozuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake la kazi. Themostati hafifu hukwama ikiwa imefungwa, maji yakachemka, hedi, yaani kifuniko cha silinda, ikapinda na gasketi ikaungua, na fundi aliyelaumiwa kwa hasara hiyo mara mbili au tatu hufikia uamuzi wa kuiondoa kabisa kwenye kila gari linalomfikia, akisema kwamba nchi ya joto haiihitaji. Maelezo hayo yameenea kote Afrika Mashariki na yamerithishwa kwa wanagenzi kama elimu, ilhali injini isiyo na themostati huchelewa kupata joto, hunywa mafuta zaidi, na silinda zake hulika upesi kwa sababu oili haifikii hali yake ifaayo. Mkanda wa taimingi, unaounganisha mzunguko wa kranki na ule wa kamshafti inayofungua valvu, hauna hata nafasi ya kuondolewa: katika injini za dizeli za Toyota za aina ya 2L, 3L na 5L, zilizobeba Hiace na Hilux nyingi, mkanda hafifu ukikatika kabla ya muda wake, ambao aghalabu ni kilomita 100,000, valvu hugongana na pistoni papo hapo.

Serikali haikukaa kimya. Shirika la Viwango la Taifa la Uganda, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1983 na kuanza kazi 1989, lina mamlaka ya kukagua bidhaa madukani na kuziharibu zile zisizofaa, na lina pia mpango wa kuthibitisha ubora wa bidhaa katika nchi zinakotoka kabla hazijapakiwa melini. Mpango huo una manufaa, lakini cheti cha shehena hakiwezi kuwa ushahidi wa kila beringi iliyomo, hasa pale kontena moja linapobeba mizigo ya wafanyabiashara wengi wadogo. Ukaguzi unaoonekana zaidi ni ule wa bidhaa zinazomuua mtu waziwazi, na kipuri cha ndani ya injini huua mtaji kwanza, polepole, mtaji wa dereva aliyekopa ili anunue gari.

Mnunuzi hana ulinzi wa maana kwa sababu ushahidi hupotea siku ileile ya ununuzi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inamtaka muuzaji atoe bidhaa yenye ubora unaokubalika na inayofaa kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza, lakini anayetaka kuitumia lazima aonyeshe alichouziwa, na Kampala mara nyingi hana cha kuonyesha: boksi limetupwa, risiti imeandikwa «spea» pamoja na jumla ya fedha, aliyekwenda Kisekka kununua ni kijana aliyetumwa na fundi, na kipuri cha zamani ambacho kingeweza kulinganishwa na kipya kimeuzwa kama chuma chakavu. Injini ikigonga baada ya miezi mitatu, muuzaji humlaumu fundi kwa kufunga vibaya, fundi humlaumu muuzaji kwa kipuri kibovu, wote wawili humlaumu dereva kwa oili, na kila mmoja anaweza kuwa anasema kweli kwa dhati ya moyo wake, maana hakuna kilichopimwa wala kuandikwa.

Mambo yanayoweza kubadilisha hali hiyo hayahitaji fedha nyingi. Risiti inaweza kubeba jina la kampuni na namba ya kipuri, ambayo hupigwa chapa kwenye mgongo wa beringi nyingi za kampuni zinazojulikana. Mwenye gari anaweza kudai apewe boksi tupu pamoja na vipuri vya zamani kabla ya kulipa. Na fundi wa mashine anaweza kuandika kwenye karatasi moja kipenyo cha kila silinda, cha kila pistoni na cha kila sehemu ya kranki inayokaa ndani ya beringi, akaitia sahihi na kumkabidhi mwenye injini. Wenye maduka walio waaminifu, ambao wapo na ndio wanaoumizwa zaidi na bei za feki, wangepata katika karatasi hiyo njia ya kujitofautisha ambayo neno «orijino» limeshindwa kuwapa. Shirika la Viwango nalo likinunua sampuli madukani kimyakimya, likazipima katika maabara na kutangaza majina ya vipuri vilivyoshindwa, kwa Luganda na Kiswahili na redioni pia, mwenye kamunye angefika dukani akiwa na swali jingine la kumuuliza muuzaji.