Tindikali ya Malori na Tindikali ya Damu

Kila apitaye Kolwezi huyaona malori yabebayo asidi ya salfuri, ambayo kwayo shaba na kobalti huyeyushwa kutoka katika mawe. Lakini ni wachache wakumbukao kwamba mwili nao huzalisha asidi usiku na mchana, wala hauna budi ila kuidhibiti, kwa mapafu na mafigo, ili mizani ya asidi ya damu (pH) isitoke katika kadiri ya 7.35 hadi 7.45.

Tuseme mtoto ameharisha siku mbili, naye ahema kwa nguvu kana kwamba amepanda mlima, ilhali kifua chake ni salama. Damu ya ateri yake, itekwayo kwa sindano kifundoni pa mkono, yasoma 7.23: namba hii, kwa rai yangu, ndiyo ya kutazamwa kwanza, nayo, kwa kuwa i chini ya 7.35, yasema asidi imezidi. Hewa ya ukaa ni 22, chini ya mpaka wa kawaida wa 35. Basi mapafu hayana hatia, bali yaitoa hewa hiyo kwa makusudi ya kumnusuru. Bikaboneti, izimuayo asidi katika damu, nayo ipasayo kufika 22, ni 9 tu: imemwagika pamoja na choo.

Mzazi umwonaye mwanao akihema hivyo, usimtafutie dawa ya kikohozi. Mnyweshe maji ya chumvi na sukari njiani, umfikishe hospitali hima.