Kufufua Mabehewa ya Babu

Leo naomba niwaeleze jinsi ya kutengeneza mabehewa ya mizigo ya garimoshi la kuchezea, na jinsi ya kuyafanya yaende vizuri kuliko yalivyokuwa mapya. Mtacheka mseme, "Kidato cha tatu mzima bado anacheza na mikebe?" Chekeni tu. Nina sababu.

Sisi wa Timau hatujapata kuwa na reli. Njia iliyotoka Nairobi ilifika Thika mwaka wa 1913, ikaendelea kupanda polepole upande huu wa Mlima Kenya hadi ikaingia Nanyuki mwaka wa 1930, na hapo ikakoma hadi leo. Babu yangu alikuwa mpakiaji wa mizigo pale stesheni ya Nanyuki. Katika miaka ya 1980, alipokuwa akija nyumbani likizo, alimuundia baba yangu mabehewa sita: matangi mawili ya mikebe ya Kimbo, matatu ya bati yaliyofunikwa, na moja la ng'ombe lililosukwa kwa waya. Akatandika na reli ya waya wa ua juu ya mataruma ya vipande vya mbao, kuzunguka uwanja. Upana wa reli hiyo ni sentimita 4. Reli ya kweli ya Nanyuki ni mita 1, kwa hiyo kila kitu babu alikigawanya kwa 25. (Ile mpya ya SGR iliyofunguliwa mwaka wa 2017 ina milimita 1,435. Kwa hesabu ya babu ingekuwa kama milimita 57. Nimeshapiga hesabu, msisumbuke.)

Sasa babu macho yamemwishia. Anaona mwanga na kivuli, basi. Siku moja mdogo wangu aliyachokora mabehewa stoo, akayapanga relini akayavuta kwa kamba. Babu alikuwa ameketi mlangoni na kikombe chake cha chai. Akasema, "Hilo la tatu linachechemea. Na tangi la nyuma limeshatoka relini, mnaliburuta." Nikaangalia. Kweli tupu! Hapo ndipo nilipoamua kuyatengeneza, na nilijua sina muda mwingi, kwa sababu masikio nayo huzeeka.

Jambo la kwanza, usishike koleo kabla ya kujua ugonjwa. Mimi nilikosea hapa. Niliona kulabu imepinda nikainyoosha, na behewa likazidi kuanguka. Weka behewa juu ya kioo cha dirisha, kwa sababu kioo hakina kilima wala bonde. Gurudumu moja likining'inia hewani, fremu imepindika, na hata ukibadilisha magurudumu mara kumi hutapona. Behewa la tatu lilikuwa na ugonjwa huo. Kuna mtu aliwahi kulikalia. Simtaji, lakini yeye ndiye anayelipa karo yangu.

Dawa yake si kunyoosha fremu peke yake. Chini ya behewa refu kuna vigari viwili vyenye magurudumu manne manne, ambavyo watu wa reli huviita bogi. Bogi zote mbili zikikazwa sana, behewa huwa kama meza ya miguu minne kwenye sakafu ya udongo: haikosi kutikisika. Kaza bogi moja iweze kugeuka kushoto na kulia tu, kisha ile nyingine ilegeze kidogo iweze na kuyumba. Hapo behewa linakuwa kama jiko la mafiga matatu, na mafiga matatu hayatikisiki hata ukiyaweka shambani.

Sasa magurudumu, na hapa ndipo penye utamu. Babu alikata kisahani cha bati kiwe ukingo wa kulizuia gurudumu lisitoke relini, kisha akakilehemu kwenye kifuniko cha chupa ya soda, upande ulio wazi ukitazama kisahani. Chukua kifuniko ukitazame. Upande wa meno ni mpana kuliko upande wa juu, sivyo? Basi gurudumu la treni ya kweli nalo lina mteremko kama huo: ni nene karibu na ukingo na hupungua likielekea nje. Treni ikifika kwenye kona, husukumika kidogo nje, gurudumu la nje likakanyaga reli kwa sehemu yake nene na la ndani kwa sehemu nyembamba. La nje linakwenda mbali zaidi kwa mzunguko mmoja, na kona inapitika. Lakini hilo hufanyika tu kama magurudumu mawili yameshikamana na mhimili mmoja na kuzunguka pamoja. Babu yake yalikuwa yanazunguka kila moja kivyake, na matundu yalikuwa yameshapanuka kwa kutu.

Kwa hiyo nilisugua kwa msasa mpaka bati likang'aa (risasi ya kulehemia haishiki kwenye kutu, usijidanganye), nikayalehemu magurudumu kwenye spoku ya baiskeli, na spoku nikaipitisha ndani ya ganda la waya mnene wa stima nililotoa shaba yake. Ganda linashikiliwa na bogi, spoku inazunguka ndani. Usitie mafuta. Vumbi la Timau mnalijua, na mafuta na vumbi huwa tope. Mimi nilitia unga wa risasi ya penseli. Kabla ya hapo, behewa nikiliachilia kwenye ubao wa mteremko lilikuwa likienda sentimita 60 na kusimama. Sasa linavuka mita 2.

Uzito nao una siri yake. Wapenzi wa garimoshi za kuchezea kule Marekani wana chama chao tangu mwaka wa 1935, na kwa zile ndogo ambazo kila kitu kimegawanywa kwa 87 hupendekeza behewa liwe na aunsi 1, na nusu aunsi juu yake kwa kila inchi ya urefu. Yetu ni makubwa zaidi, kwa hiyo sikuifuata hesabu hiyo, ila nimechukua wazo: uzito ulingane na urefu. Behewa jepesi likiwekwa mbele na mazito nyuma, kamba ikikazwa kwenye kona jepesi hung'olewa relini kuelekea ndani. Nilitia nati na bolti sakafuni mwa kila behewa, si juu.

Nikaona niwe mjanja zaidi. Behewa moja la bati nikalivisha magurudumu ya mpira niliyokata kwenye ndara. Lilikwenda kama linateleza kwenye siagi! Jumapili tukamwita babu. Mdogo wangu akavuta, treni ikazunguka uwanja mara mbili. Babu akauliza, "Mbona ni matano? La sita liko wapi?"

Nilirudisha vifuniko vya soda usiku huohuo.

Limebaki lile la ng'ombe. Waya zake zimekatika nyingi na sikujua zilipita wapi. Kila Jumamosi babu hulipakata, akapapasa kwa vidole na kuniambia, "Huu ulipita juu ya huu, kisha ukarudi chini." Tumefika ukuta wa pili. Spoku ndizo zimeniishia, nahitaji nne. Aliye na gurudumu kuukuu la baiskeli nyumbani anione wakati wa mapumziko, huwa niko karibu na tangi la maji.