Umejuaje? Kusoma Hadithi Ndefu na Kuandika Kiingereza Shuleni

Katika maongezi ya leo tumekusudia kueleza jambo ambalo huonekana kuwa ni la waalimu peke yao, lakini kwa hakika ni la kila nyumba yenye mtoto katika shule ya sekondari. Nalo ni hili: namna ya kusoma hadithi ndefu, ile iitwayo riwaya, katika somo la Kiingereza, na jinsi kusoma huko kunavyomfundisha mtoto kuandika.

Tumelichagua jambo hili kwa kuwa mara nyingi tumeona ugomvi wa bure juu yake. Mtoto amerudi likizo, ameketi chini ya mwembe na kitabu, anatabasamu peke yake. Baba yake apita na jembe begani, amwuliza, "Wasoma nini?" Mtoto ajibu, "Hadithi, baba." Baba akunja uso: "Nimekupeleka shule usome elimu, kumbe wasoma hadithi!" Kitabu chafungwa, mtoto ashika jembe. Hatumlaumu mzee huyo. Shamba lahitaji mikono, na hadithi kwetu ni kitu cha jioni, baada ya kazi. Lakini twapenda kumwonyesha kwamba mtoto yule naye alikuwa kazini.

Kwanza tutazame safari ya lugha. Nchini Tanzania, katika shule nyingi za serikali, mtoto hufundishwa kwa Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi, na Kiingereza hujifunza kama somo moja miongoni mwa masomo. Aingiapo kidato cha kwanza, hukuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Ni kama mtu aliyezoea kuvuka mto kwa daraja, na leo aambiwa aogelee. Ajua mengi, lakini hana maneno ya kuyatoa, basi hunyamaza. Na mwanafunzi aliyenyamaza hutafuta njia ya mkato, nayo ni kukariri maneno ya watu wengine.

Hapa hatuna budi kuungama kosa letu wenyewe. Tulipokuwa tungali wageni katika kazi hii, tulipewa darasa la kidato cha tatu na kitabu cha Ngugi wa Thiong'o kiitwacho Weep Not, Child. Kitabu hiki kilitolewa mwaka 1964. Mtungaji alikiandika alipokuwa mwanafunzi wa chuo cha Makerere, nchini Uganda, na siku zile alijulikana kwa jina la James Ngugi. Ni habari ya mtoto wa Kikuyu, Njoroge, atamaniye shule kuliko kitu chochote, katika miaka ya vita vya Mau Mau nchini Kenya. Nakala zilikuwa chache na wanafunzi wengi. Tukaona njia nyepesi ni kuandika ubaoni majina ya watu waliomo, mafunzo ya hadithi, na muhtasari wa kila sura. Wanafunzi wakanakili. Madaftari yakajaa, yakapendeza, nasi tukajiona hodari.

Mwisho wa muhula tukatoa swali moja: Kwa nini Njoroge aliona haya mbele ya mama yake mwishoni mwa hadithi? Tulipokusanya majibu, tulikuta karibu darasa zima limeandika maneno yale yale, nayo yalikuwa maneno yetu sisi, yaliyotoka ubaoni: kwamba elimu ni jambo kubwa katika kitabu hiki. Hapana aliyejibu swali. Hata kosa moja la tahajia tuliloliandika kwa haraka lilikuwamo, limenakiliwa kwa uaminifu mara nyingi kuliko tulivyoweza kuhesabu. Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Watoto wale walikaa na kitabu muhula mzima wasikutane nacho hata siku moja, na aliyewazuia ni mwalimu wao.

Mwaka uliofuata tulianza upya, nasi tutaeleza hatua kwa hatua tulivyofanya, kwa kuwa si siri, na mwalimu yeyote aweza kuzifuata hata kama darasani mwake kitabu kimoja husomwa na watoto wanne.

Hatua ya kwanza ni kusoma kwa sauti, polepole, tena mara mbili. Tuliisoma sura ya kwanza. Humo mama, jina lake Nyokabi, amwuliza mwanawe kama angependa kwenda shule. Mtoto haamini masikio yake. Kisha mama amkumbusha kwamba wao ni maskini, na kwa hiyo hatapata chakula cha mchana kama watoto wengine. Mwisho ataka ahadi: kwamba hatamtia aibu kwa kukataa shule siku moja. Tukafunga kitabu, tukauliza, "Mama huyu aogopa nini?" Tukawaruhusu waseme kwa Kiswahili, maana tulitaka kwanza wafikiri, na maneno ya Kiingereza yatafuata.

Darasa likawa kimya. Kisha msichana mmoja wa safu ya nyuma, ambaye hatukuwa tumeisikia sauti yake tangu shule ifunguliwe, akasema, "Aogopa njaa itamshinda mtoto." Tukamwuliza, "Umejuaje?" Akajibu, "Kwa sababu ametaja chakula kwanza, aibu ameitaja baadaye." Jambo hilo halikuwamo katika maandishi yetu ya ubaoni, wala sisi hatukuwa tumeliona. Tangu siku ile neno "Umejuaje?" likawa sheria ya darasa. Kila asemaye neno juu ya hadithi huulizwa hivyo, naye hana budi kufungua kitabu na kuonyesha mahali.

Hatua ya pili ni kuyatoa maneno kinywani na kuyatia katika karatasi. Tuliwafundisha kuandika aya moja tu, ya mistari sita au saba. Sentensi ya kwanza hutaja wazo. Sentensi mbili au tatu zifuatazo huleta ushahidi kutoka kitabuni. Sentensi ya mwisho hueleza ushahidi huo unavyolisimamisha wazo. Wazee wa vijijini wataona kwamba jambo hili si geni kwao. Mtu akidai mpaka wa shamba mbele ya baraza, haitoshi kupaza sauti. Huonyesha mti wa alama na kueleza ni nani aliyeupanda. Insha nzuri ni kama dai lenye mti wake.

Tutoe mfano. Baba yake Njoroge, Ngotho, ni mtumishi katika shamba la Mzungu aitwaye Howlands, na ardhi ile ilikuwa ya wazee wake Ngotho. Kuna mahali wanaume hawa wawili watembea pamoja shambani, wakiitazama mimea. Mwanafunzi mmoja aliandika, "Wote wawili waipenda ardhi." Ni kweli, lakini ni kweli iliyo uchi. Tukamwuliza, "Umejuaje? Tena je, mapenzi yao ni mamoja?" Akarudi kitabuni. Aya yake ya pili ilisema kwamba Howlands huipenda ardhi kama kitu alichokifanya yeye mwenyewe kutoka katika pori, na Ngotho huipenda kama amana ya wazee wake, ndiyo maana amevumilia utumishi miaka mingi, akingojea siku itakaporudi kwa wenyewe. Sasa msomaji aweza kuona kwa nini watu wawili wapendao kitu kimoja watafikia kuumizana. Mwanafunzi yule hakuwa ameongezewa Kiingereza usiku ule. Aliongezewa jambo la kusema.

Hatua ya tatu ni kusahihisha, na hapa waalimu wengi huharibu kwa bidii. Daftari lirudipo limejaa wino mwekundu toka juu hata chini, mtoto halisomi. Hulifunga upesi kama mtu aliyeona nyoka. Sisi tulichagua kosa moja la kushughulikia kila juma, na tukaeleza asili yake, maana makosa mengi ya wanafunzi wetu hutoka katika lugha yao wenyewe wala si katika ujinga. Kiswahili kina neno moja tu, "yeye", kwa mwanamume na kwa mwanamke. Kiingereza kina mawili, "he" na "she"; ndiyo maana mtoto hodari humwita Nyokabi "he" asione ajabu. Vile vile Kiswahili kina kiungo kidogo "-ka-", kibebacho mfuatano wa mambo: akaamka, akanawa, akaenda. Mwanafunzi huitafuta "-ka-" katika Kiingereza asiione, basi hutia "and then" mwanzoni mwa kila sentensi, hata insha yake ikawa kama mkokoteni uendao juu ya mawe. Dawa yake ni kumrudisha katika ukurasa mmoja wa hadithi na kumwambia, "Tazama mtungaji avukavyo kutoka tendo moja hata la pili. Ametumia njia ngapi?" Kwa hiyo kitabu chenyewe humfundisha sarufi.

Hatua ya nne ni kuandika tena. Insha ya kwanza haitolewi maksi. Wanafunzi hubadilishana madaftari wawili wawili, na msomaji hupewa kazi moja tu: aandike pembeni "Umejuaje?" kila aonapo wazo lisilo na ushahidi. Mwandishi hurekebisha, ndipo mwalimu asome. Kwa njia hii hata mwenye wanafunzi sitini haelemewi, na watoto hujifunza kwamba kuandika vema ni kurudia kazi, kama mfinyanzi arudiavyo ukingo wa chungu kungali mapema.

Hatua ya tano, ambayo tuliipenda kuliko zote, ni mwanafunzi kutunga habari yake mwenyewe. Nchini Kenya, karatasi ya tatu ya Kiingereza katika mtihani wa kidato cha nne humtaka mtoto aandike juu ya vitabu alivyosoma, na pia atunge insha yake. Mambo haya mawili hufuatana kwa haki. Aliyejifunza kuona jinsi mama wa kitabuni alivyotaja chakula kabla ya aibu, ataanza kuona yaliyomo nyumbani mwake.

Yule msichana wa safu ya nyuma aliandika ukurasa mmoja juu ya siku aliporudi kutoka kisimani akakuta cherehani ya mama yake haipo. Mama alisema ameiazimisha kwa jirani. Mtoto alitazama sakafuni, akaona alama za miguu ya cherehani zimefagiwa. Na mtu aazimishaye kitu hafagii mahali pake, maana hukingojea kirudi. Basi akajua kwamba imeuzwa ili anunuliwe sare na godoro la bweni, naye akanyamaza, akajifanya ameamini. Katika ukurasa ule alimwita mama yake "he" mara mbili. Tulisahihisha maneno hayo mawili tu. Alipokwenda likizo, alimsomea mama yake habari ile kwa Kiswahili. Alituambia baadaye kwamba mama alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza, "Ulijuaje?"

Huenda msikilizaji mmoja akasema: "Haya yote ni ya Kiingereza. Je, si kuidharau lugha yetu?" Ni swali la haki, na mtungaji wetu mwenyewe alijiuliza. Ngugi alianza kwa Kiingereza, lakini alipokuwa kizuizini katika gereza la Kamiti mwaka 1978 aliandika hadithi kwa lugha ya mama yake, Kikuyu, juu ya karatasi za chooni, nayo ikachapwa mwaka 1980 kwa jina la Caitaani Mutharaba-ini. Alifariki mwaka 2025, akiwa ametetea lugha za Afrika kwa miaka mingi. Twajifunza nini? Kwamba ustadi wa kuona, wa kuuliza na wa kuthibitisha si mali ya lugha moja. Aliyeupata kwa Kiingereza aweza kuufanyia kazi katika Kusadikika cha Shaaban Robert, na aliyeupata kwa Kiswahili ataingia katika kitabu cha Kiingereza na taa mkononi.

Basi, wazazi, twawaomba mambo mawili. Kwanza, mpeni mtoto saa moja ya kitabu, iwe kazi miongoni mwa kazi za nyumbani. Pili, jioni, mkiisha kula, mwambieni awasimulie alichosoma, kwa lugha ya nyumbani. Huna haja ya kujua Kiingereza ili kumsaidia. Akisema mtu fulani katika hadithi ni mwoga, au ni mwongo, au ana mapenzi, wewe mwulize, "Umejuaje?" Bibi na babu walifanya kazi hii kabla ya shule kuwapo, waliposimulia habari za Sungura na Fisi, waliwauliza wajukuu ni nani aliyekosa na kwa nini.

Nanyi wanafunzi, msiogope makosa. Andikeni mistari kumi kila siku kwa maneno yenu wenyewe, hata kama ni machache. Muhtasari wa kununua utakupitisha swali moja, lakini swali jipya likija utabaki mikono mitupu. Mtihani utapita, na wengi wenu mtasahau majina ya watu wa hadithini. Lakini siku moja utaletewa karatasi ya mkataba utie sahihi, au utasikia maneno ya mtu atakaye kura yako, au habari mbaya ya jirani yako itaenezwa sokoni. Siku hiyo litakufaa lile swali dogo ulilojifunza darasani, nawe utalitoa bila kusitasita.